Mafuriko ya Ghafla: Amua Kabla Maji Hayajafika

Katika mafunzo ya uokoaji, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Maji yakija, nifanye nini?" Ukilingoja jibu mpaka maji yaje, umeshachelewa. Mafuriko ya ghafla huja ndani ya saa 6 tangu mvua kubwa ianze, na mara nyingine ni dakika chache tu. Ndiyo maana hatua mbili za kwanza hapa ni za siku ya jua.

Hatua ya 1: Jua maji hupita wapi

Tembea eneo lako kukiwa kukavu. Tazama mabonde, makorongo, mitaro na makalavati. Takataka zilizonasa kwenye matawi na mstari wa tope ukutani vitakuonyesha maji yaliwahi kufika wapi. Korongo kavu lisikudanganye: mvua yaweza kunyesha mlimani, kwako jua linawaka, na maji yakakukuta umekaa.

Fanya na hesabu kidogo. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa la mita 100 za mraba likipata milimita 50 linamwaga lita 5,000. Zidisha kwa mapaa yote ya mtaa, ongeza lami na saruji zisizonywa maji, kisha ujiulize kama mtaro ule uliojaa chupa za plastiki utayamudu. Kalavati lililoziba lina hatari mbili: kwanza maji hupanda nyuma yake, halafu kizuizi kikiachia, yote hushuka kwa mkupuo.

Hatua ya 2: Chagua mahali pa kukimbilia

Pawe juu, pafikike kwa miguu, na njia isikatize mkondo wowote. Watu wengi huchagua mahali pazuri kisha wanasahau hilo la mwisho.

Kubalianeni mapema nani atambeba mtoto, nani atamshika mkono mzee. Wekeni pia alama: "Maji yakigusa jiwe lile, tunaondoka." Alama huondoa ubishi, na ubishi ndio unaokula muda. Mvua ikipiga usiku, mmoja akeshe, simu yake ikiwa na chaji ya kupokea tahadhari za mamlaka ya hali ya hewa. Nyaraka, dawa, tochi na maji ya kunywa vikae kwenye begi moja karibu na mlango.

Hatua ya 3: Soma dalili

Maji yaliyokuwa safi yakigeuka tope, au yakianza kubeba vijiti na majani, huko juu kumeharibika. Mngurumo kama wa lori zito usioisha ni dalili nyingine. Inayowachanganya wengi ni mto kupungua ghafla huku mvua ingali inanyesha. Wapo wanaofurahi. Huenda udongo umeporomoka na kuziba mto, na bwawa la namna hiyo halidumu. Panda juu papo hapo.

Hatua ya 4: Ondoka

Zima swichi kuu ya umeme ikiwa tu umesimama pakavu. Kama maji yameshaingia, usiiguse. Funga gesi, chukua begi, toka. Usirudi kufuata kitu.

Hatua ya 5: Usivuke

Hapa ndipo tunapopoteza watu wengi, hasa walio ndani ya magari. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinaweza kusukuma gari dogo, na 60 hubeba magari mengi, hata yale marefu ambayo wenyewe huyaamini mno. Kasi ya maji ikiongezeka mara 2, nguvu yake huongezeka mara 4. Tena huoni chini: barabara uliyoizoea yaweza kuwa imeshachimbwa na maji.

Mwenzako kavuka salama? Dakika 5 baadaye ni maji mengine kabisa. Geuza gari.

Gari likizima ndani ya maji yanayopanda, fungua mkanda, shusha dirisha mara moja, toka, na upande juu ya paa ikiwa mkondo ni mkali. Dirisha likigoma, vunja kioo cha pembeni kwenye kona yake. Cha mbele kina tabaka la plastiki na hakivunjiki kirahisi. Ukichukuliwa na maji, lala chali, miguu itangulie uelekeako, na ujisogeze ukingoni kwa mshazari. Ukikutana na mti uliolala majini, jirushe juu yake. Ukipita chini yake, matawi yatakunasa.

Ukimwona mtu anasombwa, usijitose. Mrushie kamba, dumu tupu lililofungwa kifuniko, au tawi refu.

Hatua ya 6: Baada ya maji kushuka

Usiharakishe kurudi, wimbi la pili huwakuta watu wakifagia tope. Kaa mbali na nyaya zilizoanguka. Maji ya mafuriko yamepita vyooni, kwa hiyo vaa buti na funika vidonda. Chakula kilichoguswa na maji hayo kitupe. Maji ya kunywa yachemke kwa nguvu dakika 1 nzima, au dakika 3 ukiwa juu ya mita 2,000. Na jenereta iwashwe nje, mbali na madirisha: moshi wake una gesi inayoua bila harufu ya kukushtua.