Mombasa hadi Unguja au Lamu kwa ndege: piga mwenyewe hesabu ya umbali na muda

Tovuti za kupima umbali wa viwanja vya ndege hazikosei sana kwenye kilomita. Zinakosea kwenye dakika, maana nyingi huchukua kasi ya jeti, ilhali safari za mwambao wetu mara nyingi ni za ndege za rafadha. Mimi hukatia wateja tiketi hapa Mombasa, na hesabu hii huipiga kwa kikokotoo cha simu.

Hatua ya 1: Chukua latitudo na longitudo

- Moi, Mombasa: nyuzi 4 dakika 2 kusini, nyuzi 39 dakika 36 mashariki
- Abeid Amani Karume, Unguja: 6 na 13 kusini, 39 na 13 mashariki
- Manda, Lamu: 2 na 15 kusini, 40 na 55 mashariki

Hatua ya 2: Toa, ukigeuza kila kitu kuwa dakika

Uzi mmoja ni dakika 60 (hizi ni za ramani, si za saa). Mombasa na Unguja zimepishana dakika 131 za latitudo na 23 za longitudo. Kwa Lamu ni 107 na 79.

Hatua ya 3: Tafuta umbali

Zidisha kila namba kwa yenyewe, jumlisha, kisha tafuta kipeo cha pili. Unguja: 17,161 + 529 = 17,690. Lamu: 11,449 + 6,241 = 17,690. Naam, ni ileile! Kipeo chake ni 133, na hizo ni maili za baharini, kwa kuwa dakika moja ya latitudo ni kama maili moja ya baharini. Zidisha kwa 1.852 upate kilomita kama 246. Mombasa imekaa katikati kabisa, japo wateja wengi huapa kwamba Lamu ni mbali zaidi. (Njia hii inafaa kwetu kwa kuwa tuko karibu na ikweta. Usiipeleke Ulaya, huko longitudo zimebanana.)

Hatua ya 4: Uliza aina ya ndege

Hapa ndipo penye tofauti. Cessna Caravan, ndege ndogo ya rafadha, huenda kama maili 170 za baharini kwa saa: 133 ÷ 170 × 60 ni dakika 47. Ongeza 10 za kupaa na kujipanga kutua, unakaribia saa nzima. ATR 72, ndege kubwa zaidi ya rafadha, kwa kasi ya 270, ni dakika 30. Ongeza 15 uwe salama. Uliza pia kama ndege ya Lamu inatua Malindi njiani, maana hapo hesabu yote inavunjika.

Hatua ya 5: Tazama upepo

Kaskazi, Desemba hadi Machi, humkabili anayekwenda Lamu. Kusi humkabili anayekwenda Unguja. Upepo wa maili 20 ukiipinga Caravan, 170 inakuwa 150 na safari inafika dakika 53 hewani. Ukiisukuma wakati wa kurudi, ni 42. Kwa ndege kubwa tofauti ni ndogo, usijisumbue.

Hatua ya 6: Soma saa ya tiketi vizuri

Kenya na Tanzania zinatumia saa zilezile, hakuna cha kuongeza wala kupunguza. Lakini 14:20 ni saa nane na dakika ishirini mchana, na 08:10 si saa nane! Wa Unguja awahi kwa ajili ya uhamiaji. Wa Lamu akumbuke kwamba Manda ni kisiwa kingine, hivyo kuna boti ya kuvukia hadi mjini.