Kumpikia Mzee Anayechagua Chakula

Shangazi yangu alipohamia kwetu Kisumu, akiwa amebakiwa na meno machache ya mbele, kosa langu la kwanza lilikuwa kumpondea wali, maharagwe na karoti pamoja hadi vikawa rojo moja la rangi ya udongo. Aliisukuma sahani taratibu, akaniuliza, "Mwanangu, hiki ni chakula cha nani?" Hapo nilitambua kwamba alichokikataa si ulaini, bali chakula asichokijua. Kwa hiyo anza na vile alivyovila mzee wako maisha yake yote, ukitafuta miongoni mwake vile ambavyo tangu asili havihitaji kutafunwa sana.

Kwa wenyeji wa magharibi ya Kenya, cha kwanza ni mrenda, mboga ya majani inayoteleza. Chambua majani na utupe vikonyo vyote, kwa sababu nyuzi zake humkwama mzee kooni, kisha uyaoshe kabla ya kuyakatakata. Yatie katika maji kidogo yanayochemka, uyakoroge kwa dakika 10 hivi bila kufunika sufuria. Wengi hutia magadi ili majani yalainike upesi, lakini magadi yana sodiamu kama ilivyo chumvi ya mezani, na mzee mwenye presha ni afadhali apikiwe bila magadi, hata kama mboga itakaa motoni zaidi. Ukiona mrenda unavutika kupita kiasi, uchanganye na majani machanga ya kunde.

Ugali wake usongwe laini kuliko wa watu wengine nyumbani. Chemsha vikombe 3 vya maji, utie vijiko vichache vya unga uliokorogwa kwa maji baridi, uache uji huo uchemke kwa dakika 5, ndipo uongeze unga polepole hadi ufike kikombe 1 na nusu hivi, ukisonga bila kupumzika ili usifanye madonge. Punguza moto, ufunike kwa dakika 5 nyingine. Ugali huu ukipoa hukaza, kwa hiyo mimi humpakulia donge dogo tu, na unaobaki huufunika hadi auitishe.

Mtihani wenyewe ni samaki. Mbuta ana minofu minene na mifupa mikubwa inayoonekana, naye ndiye rahisi kumwandalia mzee. Lakini shangazi yangu hamhesabu mbuta, kwake samaki ni ngege, ambaye miiba yake ni myembamba na hujificha. Mchemshe ngege mzima kwa moto mdogo pamoja na kitunguu na nyanya zilizomenywa, kwa dakika 20 hivi, kisha umtoe mchuzini. Akiwa bado vuguvugu, nawa mikono vizuri na uchambue nyama kidogo kidogo, ukiipitisha kila mara kati ya kidole gumba na cha shahada, kwa kuwa macho hayatoshi kuuona mwiba, hasa karibu na tumbo. Rudia mara ya pili, ndipo uirudishe nyama mchuzini. Kichwa nilikuwa nakiondoa, naye akawa anauliza kimekwenda wapi. Siku hizi nakiweka mezani akione, kisha namtolea nyama ya shavuni.

Kuku wa kienyeji achemshwe kwa muda wa hata saa mbili na kuchanwa nyuzi fupi fupi. Uji wa wimbi ukorogwe kwa maziwa, na ukitaka umshibishe zaidi, utie siagi ya karanga iliyosagwa laini. Omena (dagaa) wa kusagwa nilimjaribishia ndani ya uji mara moja, na sitarudia.

Mzee ale akiwa ameketi wima, wala asilale kabla ya nusu saa kupita. Akikohoa mara kwa mara anapokula, sauti ikiwa kama ya mtu mwenye maji kooni, au nguo zikianza kumpwaya, mpeleke kwa daktari badala ya kuzidi kuponda chakula, kwani mwenye shida ya kumeza huweza kupaliwa na maji au chai upesi kuliko uji mzito.

Wakati wa kupakua, tumia sahani anayoipenda, uweke kidogo kidogo, na uhakikishe ugali, mboga na samaki havigusani.