Namna ya Kulitazama Jengo Refu Ukalielewa

Wengi wetu tukifika mbele ya jengo refu huinua shingo, hushangaa, hupiga picha moja na kwenda zetu. Urefu ndio unaoonekana kwanza, lakini ustadi wa waliolijenga umo katika swali jingine: mzigo wote huu unabebwa na nini, na upepo unazuiwaje usiliyumbishe? Jibu linaweza kutafutwa kwa macho tu, bila kufunua michoro ya wahandisi, mradi mtazamaji awe na nusu siku, karatasi na penseli.

Anzia mbali, mahali ambapo jengo zima linaonekana kutoka ardhini hadi kileleni, kisha chora umbo lake la nje kwa mstari mmoja usiokatika, hata kama hujui kuchora, kwa sababu mkono hulazimika kusimama pale ambapo jicho lingepita mbio. Anayelichora jengo la Empire State la New York, lililokamilika mwaka 1931 likiwa na urefu wa mita 381, ataona penseli ikiingia ndani tena na tena kama inayopanda ngazi. Ngazi hizo zilitokana na kanuni ya ujenzi ya jiji hilo ya mwaka 1916, iliyotaka majengo yapungue upana kadiri yanavyopanda ili mwanga na hewa vifike barabarani. Wasanifu walipewa sharti wakaligeuza kuwa pambo, nami huwaheshimu kwa hilo kuliko kama wangeachiwa uhuru wote.

Baada ya hapo sogea hadi ukutani ulinganishe upana wa madirisha na upana wa ukuta uliopo kati yake. Nusu ya kaskazini ya jengo la Monadnock huko Chicago, iliyokamilika mwaka 1891, ina ghorofa 16 zinazobebwa na kuta za matofali, na ndiyo maana kuta hizo zina unene wa karibu mita 1.8 chini kabisa, zikitanuka kwa mkunjo laini kama shina la mti linavyotanuka karibu na mizizi. Ukiweka kiganja hapo unagusa kitu kinachofanya kazi kweli. Lakini katika jiji hilohilo, miaka michache kabla yake, William Le Baron Jenney alikuwa amejenga jengo la Home Insurance, ambalo sehemu kubwa ya uzito wake ilibebwa na mifupa ya chuma. Jengo hilo la mwaka 1885 lilikuja kubomolewa mwaka 1931, ila fikra yake ilibaki: tangu mifupa ya chuma ishike mzigo, ukuta umekuwa vazi tu, na ndiyo sababu dirisha likaweza kutanuka hadi likawa ukuta wenyewe.

Sasa utafute upepo, na hapa usiwe na haraka. Kadiri jengo linavyorefuka, ndivyo kusukumwa kutoka ubavuni kunavyowasumbua wahandisi kuliko uzito wenyewe. Fazlur Rahman Khan, mhandisi mzaliwa wa Dhaka, aliliona jengo kama mwanzi, yaani kitu chenye nguvu katika gamba lake la nje. Ndiyo maana jengo la John Hancock Center la Chicago, la mwaka 1969, ambalo leo huitwa 875 North Michigan Avenue, limefungwa kwa nje na mihimili mikubwa inayokatizana mshazari. Haikuwekwa ili ipendeze, ingawa inapendeza sana. Sears Tower la jiji hilohilo, ambalo leo huitwa Willis Tower, ni mabomba tisa ya mraba yaliyofungwa pamoja: hesabu mahali yanapokomea, utaona mawili yakiishia ghorofa ya 50, mawili ya 66, matatu ya 90, na mawili tu yakifika juu kabisa.

Upepo una hila nyingine. Ukipita kando ya mnara huacha nyuma yake vimbunga vidogo, mara kulia, mara kushoto, na vikipata mdundo mmoja jengo huanza kupembea. Burj Khalifa la Dubai, lililofunguliwa mwaka 2010 likiwa na mita 828, lina mabawa matatu yanayopungua kwa zamu kadiri linavyopanda, hivyo upepo hukuta umbo tofauti katika kila kimo na kushindwa kuupata mdundo huo. Jengo la Taipei 101 la Taiwan nalo limetundikiwa ndani, karibu na kilele, tufe la tani 660. Wageni huruhusiwa kulitazama, na kwa karibu huonekana wazi kuwa ni sahani nene za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine. Mnara ukiegemea upande mmoja, tufe huchelewa kuufuata, na ucheleweshaji huo hupunguza mtikisiko.

Kuhusu kilele, neno moja linatosha: usidanganywe na ncha. Katika vipimo rasmi vya urefu, mnara mwembamba uliobuniwa kuwa sehemu ya usanifu huhesabiwa, lakini antena haihesabiwi. Uliza ghorofa ya juu kabisa wanayoitumia watu iko wapi, kisha ulinganishe.

Majengo ya vioo vitupu yanahitaji subira zaidi. Katika jengo la Seagram la New York, la mwaka 1958, msanifu Mies van der Rohe alipachika nje vipande virefu vya shaba visivyobeba ghorofa yoyote, kwa kuwa chuma halisi kilipaswa kufunikwa kwa zege ili kisidhurike moto ukizuka. Vile vya nje vinadokeza tu kilichofichwa. Kwa jengo la namna hii rudi jioni, wakati taa za ndani zinawaka na mbingu bado haijawa nyeusi. Kioo kilichokuwa kioo cha kujitazamia mchana kutwa huachia, sakafu huonekana moja baada ya nyingine, na katikati hubaki kiini cheusi chenye lifti na ngazi. Kiongeze kwenye mchoro wako wa asubuhi, pamoja na nguzo zote unazoweza kuzihesabu.