Kabla ya kumpeleka hospitali mzee anayepotewa na maneno

Mama yangu mkubwa aliuza samaki Ujiji karibu maisha yake yote. Siku moja mkwewe alimwuliza kama migebuka ikaangwe au iungwe kwa mawese, naye akamtazama kwa utulivu, akauliza, “Mgebuka ndiyo nini?” Hakuwa na kigugumizi, na alikumbuka vizuri nani alikuja asubuhi ile kulipa deni na ameacha kiasi gani. Tukasema ni uzee. Zaidi ya mwaka ulipita kabla hatujaelewa kwamba neno lilikuwa limemtoka pamoja na maana yake, na mwaka huo ndio nisiotaka familia nyingine ya Kigoma iupoteze.

Ugonjwa huu, ambao kwa Kiingereza huitwa primary progressive aphasia, ni aina ya afazia, yaani kupotewa na lugha, lakini si ile ya kiharusi ambayo humkuta mtu ghafla. Huu huongezeka mwezi hadi mwezi, kwa sababu seli za ubongo zinakufa taratibu, mara nyingi upande wa kushoto unaobeba lugha. Daktari Marsel Mesulam wa Marekani aliandika habari za wagonjwa sita wa namna hiyo mwaka 1982, na mwaka 2011 wataalamu walikubaliana kuugawa katika aina tatu. Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachoumaliza ubishi. Daktari hutegemea sana historia ya jinsi lugha ilivyoanza kupotea, na historia hiyo iko nyumbani.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni daftari. Andikeni tarehe na maneno yenyewe kama yalivyotoka kinywani, si hukumu yenu kwamba “anasahau”, kwa maana neno hilo halimwambii daktari chochote. Hapo ndipo zile aina tatu hutofautishwa: anayeuliza maana ya kitu alichokijua tangu utotoni ana tatizo tofauti na anayekijua kitu hicho lakini jina halimjii, akabaki kusema “kile, kile cha kuchotea maji”, kisha akashindwa kurudia sentensi ndefu aliyoisikia sasa hivi. Na wote wawili ni tofauti na yule ambaye matamshi yamekuwa kazi nzito na viambishi vinaanguka, hata “watoto wamekwenda sokoni” ikawa “mtoto… enda… soko”. Andikeni pia anayoyaweza bado: kupika, kurudisha chenji, kufika msikitini au kanisani bila kusindikizwa. Katika ugonjwa huu lugha ndiyo hutangulia kuharibika wakati mengine yamesimama, na mpangilio huo ndio daktari anaoutafuta.

Wazee wetu wengi walianza na Kiha, Kiswahili kikafuata, na wengine wana Kifaransa walichokipata ng’ambo ya ziwa. Elezeni alijifunza ipi kwanza, anatumia ipi zaidi, na kama makosa yanatokea katika zote. Anayekwenda kumtafsiria aonywe mapema asimsahihishe. Nimeona kijana mwenye nia njema akiichukua sentensi iliyovunjika ya bibi yake na kuikabidhi kwa daktari ikiwa imenyooka, na hapo ushahidi wote ukawa umefutika.

Masikio nayo yapimwe kabla ya safari, na miwani isisahaulike. Bebeni dawa zote anazotumia, za asili zikiwemo. Daktari ataweza kuagiza vipimo vya damu vya tezi ya shingo, vitamini B12, kaswende na VVU, kwa kuwa kasoro hizo huweza kuvuruga akili na baadhi yake hutibika. Safari ianzie hospitali ya mkoa, Maweni, mkaulize barua ya rufaa na taratibu za bima kabla ya kukata tiketi, maana picha ya ubongo ya kipimo cha MRI huenda ikawapeleka hadi MOI, taasisi ya mifupa iliyoko Muhimbili, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Kama ana chuma mwilini au kifaa cha moyo, semeni mapema.

Ndani ya chumba cha daktari, mwacheni mzee ajibu mwenyewe, hata akikaa kimya muda unaotuumiza sisi tunaomtazama. Si mkaidi, wala hajarogwa, na anasikia yote yanayosemwa juu yake.

Tiba ya kuusimamisha ugonjwa haijapatikana, ila mtaalamu wa tiba ya usemi humsaidia mgonjwa kushika njia nyingine za kuwasiliana, kama picha na ishara, mapema iwezekanavyo. Na mambo ya shamba, nyumba na fedha za kwenye simu yazungumzwe naye sasa, angali anaelewa anachoulizwa. Mama mkubwa alitutajia mipaka ya kiwanja chake mti kwa mti, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, miezi michache kabla majina ya miti hayajamtoka.