Sarafu ya Dhahabu ya Kirumi Ianzie kwa Sonara

Anayetaka kukusanya sarafu za dhahabu za Warumi akiwa Tanga asianze na sura ya Kaisari. Aanze na mizani ya sonara, ile inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, kwa kuwa uzito wa sarafu hizi uliwekwa na dola ya Kirumi yenyewe. Aureo, sarafu ya dhahabu ya Kirumi, ya Kaisari Augustus hukaribia gramu 7.8. Mwaka 64 baada ya Kristo Kaisari Nero aliagiza ratili ya Kirumi itoe sarafu 45, uzito ukashuka hadi gramu 7.3 hivi, na mwaka 215 Kaisari Caracalla akatoa 50 katika ratili ileile. Solido, sarafu ya dhahabu ya baadaye ya Kaisari Constantine, ilikuwa 72 kwa ratili, yaani gramu 4.5.

Baada ya kuipima sarafu ikiwa kavu, ifunge kwa uzi mwembamba, uining'inize kutoka kwenye mizani ndani ya kikombe cha maji bila kugusa chini wala pembeni, kisha uipime tena. Sarafu ya gramu 7.30 ikisoma 6.92 majini imepungua 0.38, gawanya 7.30 kwa 0.38 upate 19.2, karibu sana na 19.3, uzito wa dhahabu safi ukilinganishwa na maji ya ujazo uleule. Shaba iliyopakwa dhahabu hukaa karibu na 9. Sonara akitaka kuisugua kwenye jiwe lake ili atie asidi, mkatalie kwa adabu, na usikubali kung'arishiwa: mkwaruzo haufutiki, na bei hushuka.

Kipimo hicho cha maji hakithibitishi umri, maana wapo wanaoghushi kwa dhahabu halisi. Sarafu za Warumi ziligongwa kwa nyundo. Vitundu vidogo usoni au mstari unaozunguka ukingo ni dalili ya kumiminwa katika kalibu, yaani huenda ni ya bandia.

Kwa mfuko mdogo, solido za makaisari Honorius au Theodosius wa Pili hupatikana kwa bei nafuu kuliko aureo. Dai hati za wamiliki waliotangulia, hasa za kabla ya mkataba wa UNESCO wa 1970 unaopinga biashara haramu ya mali za kale.

Muuzaji akikuapia kwamba yake ilifukuliwa Tongoni, karibu na Tanga, kumbuka kuwa magofu yale yamekuja karne nyingi baada ya Roma. Na ikiwa kweli imetoka ardhini kwetu, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataka itolewe taarifa, kwa hiyo usiinunue.