Kupanga kazi ya kujenga uwanja wa ndege kwenye FlightGear: tunavyofanya kwa Kisauni

Tuko sita kwenye kundi la WhatsApp, tunajenga uwanja wa Abeid Amani Karume wa Zanzibar, ambao wengi wetu bado twauita Kisauni, ndani ya FlightGear, ile simuleta ya ndege ya programu huria. Mimi sichori. Nagawa kazi, napokea faili, na nyingine nazirudisha.

Ukianzisha kundi la uwanja wa kwenu, anza na daftari kabla ya Blender, programu ya kuchongea majengo. Sisi mwanzoni tuliletewa jengo moja la abiria mara mbili, na watu wawili waliokesha nalo bila kuambiana. Sasa nina jedwali: kitu, jina la mtu mmoja tu, tarehe. Mnara, zimamoto, matangi ya mafuta, kila kimoja na mwenyewe. Akinyamaza mwezi mzima, kitu chake anapewa mwingine. Hilo namwambia siku ya kwanza, asije akanuna.

Swali la pili kwangu huwa: picha umetoa wapi? Mandhari ya FlightGear hutolewa kwa leseni ya GPL, inayomruhusu yeyote kunakili, kubadilisha na kusambaza, kwa hiyo picha unayoivisha ukuta lazima iwe yako au mwenyewe awe ameiruhusu. Za setilaiti za Google usizibandike. Jengo zuri kuliko yote tuliyoletewa nililirudisha kwa sababu ya bango lililochotwa kwenye tovuti ya watu. Niliumia, ila likiingia hivyo, kazi ya kulitoa ni kubwa zaidi. Na ukienda kupiga picha uwanjani, waombe ruhusa askari kwanza.

Sasa folda, panapowapoteza wengi. Kisauni iko nyuzi 6 na dakika 13 kusini, lakini folda yake ni e030s10/e039s07, si s06, kwa sababu jina hufuata pembe ya kusini-magharibi ya mraba wa nyuzi moja uwanja ulimo. Ndani yake, faili ya uwanja ni 3593457.stg, na kila kitu kina mstari wake:

OBJECT_STATIC mnara.ac 39.2235 -6.2205 16 90

Longitudo hutangulia, kisha latitudo, kimo kwa mita, halafu mwelekeo. Ramani za simu hutanguliza latitudo. Kijana wetu mmoja alinakili vilevile, tukautafuta mnara jioni nzima. Kumbe uko Hispania, karibu na Cáceres! Tangu siku hiyo faili ya .stg naiandika mimi peke yangu. Wengine huniletea modeli, picha zake na namba.

Njia ya kurukia 18/36 na maegesho ni shughuli nyingine: huchorwa kwa WorldEditor, programu ya kuchorea viwanja vya ndege, na kwa kuwa hupikwa pamoja na ardhi, hayaonekani mpaka ardhi itengenezwe upya. Mpe mtu mvumilivu.

Kabla ya kutuma kazi iingizwe kwenye mandhari ya FlightGear, weka folda yenu mahali pake, ifungue simuleta kwa amri hizi: --fg-scenery ielekezwe huko, --airport=HTZA (msimbo wa Kisauni) na --aircraft=ufo (chombo kinachoelea popote), uzunguke polepole chini chini. Tazama misingi: jengo likielea hata nusu mita, kivuli kitakuambia. Vilivyopita vitume hivyo hivyo vichache. Zimamoto yetu ilitangulia peke yake, jengo la tatu la abiria bado halina paa.