SOMO: Linux kwenye mazabodi ya zamani (Core 2 Duo), anzia kwenye betri

Wakuu habari zenu. Watu wanauza desktop za Core 2 Duo (prosesa za zamani za Intel) kwa bei ya chuma chakavu na inaniuma, maana zimekula chumvi ndio lakini bado zinafanya kazi za kuandika, intaneti na masomo ya watoto. Natumia mfano wa Dell OptiPlex 780 yenye prosesa E8400, 3.0 GHz, ni ya 64-bit kwa hiyo Linux Mint 22 Xfce inakubali (Linux ni mfumo endeshi wa bure, kazi yake kama Windows; Mint ni aina mojawapo na Xfce ni toleo lake jepesi).

1. Fungua kasha, toa vumbi, badilisha ile betri ya duara CR2032. Hapa ndo wengi wanaruka! Betri ikifa, ukichomoa tu waya wa umeme saa inarudi nyuma miaka na setingi za BIOS (programu ya kwenye bodi inayowasha mashine) zinapotea. Niliwahi kukesha siku mbili na mashine moja, kila tovuti inasema sio salama, apt (programu ya Linux ya kuvuta masasisho) inagoma kuapdeti, nikairudia kuinstoli mara 3 nikijua Linux ndo mbovu, kumbe ni tarehe tu na mtandao wa pale ulikuwa umezuia huduma ya saa so haikuweza kujirekebisha yenyewe. Betri mpya, nikaseti tarehe, kwisha.

2. RAM iwe 4GB. Mint inaanzia 2GB lakini ukifungua brauza utateseka. Ukipata hela ya kitu kimoja nunua SSD (diski ya kisasa isiyozunguka), bodi hizi ni SATA 2 (njia ya zamani ya kuunganisha diski) hazitaifikisha spidi yake yote ila tofauti na hard disk utaiona siku hiyohiyo.

3. Ingia BIOS, SATA iweke AHCI (namna ya kisasa ya bodi kuongea na diski). Kama Windows ya zamani inabaki humo usiguse, inaweza kugoma kuwaka.

4. Andaa flashi yenye Mint kwa Rufus (programu ya Windows ya kutengeneza flashi ya kuwashia), chagua MBR (mpangilio unaokubalika na BIOS za zamani). Washa, bonyeza F12, chagua flashi.

5. Wakati wa kuinstoli angalia chini panapouliza butiloda (kiprogramu kinachoanzisha Linux mashine ikiwaka) ikae wapi. Iende kwenye diski ya ndani, isiende kwenye flashi. Majina sda na sdb ambayo Linux inazipa diski yanabadilikaga, kwa hiyo fungua terminal (dirisha la kuandika amri) uandike lsblk, itakuorodheshea diski, ulinganishe ukubwa kwanza.

MASWALI

– Mkuu nimemaliza vizuri ila nikitoa flashi haiwaki, nikirudisha inawaka??
Hiyo ni namba 5 kaka, butiloda imekaa kwenye flashi. Washa nayo hivyohivyo, ukishaingia andika sudo grub-install /dev/sda (hakikisha kwa lsblk kwamba sda ndo diski ya ndani), halafu sudo update-grub.

– Yangu ni Pentium 4 ya 32-bit, itakubali?
Mint 22 hapana. Chukua Debian 12 (Linux ya aina nyingine) ya 32-bit, usichukue 13, hiyo haina tena installer ya 32-bit.

– Nataka Rocky Linux 9 (Linux ya server) nijifunzie server kwenye hiyohiyo E8400.
Haitawaka dada, toleo la 9 linadai maagizo ya prosesa kama SSE4.2 na Core 2 haina. Debian itakufaa kwa kujifunzia server.

– YouTube inakwamakwama.
Weka h264ify kwenye brauza (ni kiongezi kinachofanya YouTube ilete video za aina nyepesi kwa mashine) na ubaki 480p, prosesa itapumua.